Bendera ya Kumpokea Balozi

Jumatatu, 3 Machi
Nimeula! Wageni waliotujengea barabara sasa wanafungua kiwanda. Alhamisi balozi wao atapita mtaani kwetu. Kiwanda kinataka sare, na mafundi cherehani hapa ni wawili tu: mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Shemeji anajua kushona. Diplomasia hajui.

Jumanne, 4 Machi
Nashona bendera yao, kubwa kama mlango wa gereji. Kitambaa chekundu kimeniishia, kwa hiyo pazia la sebuleni limejitolea. Mke wangu kanuna. Nikamweleza kwamba huu ni uwekezaji. Akasema basi nikalale nao. Mfano nimeutoa kwenye bendera iliyochapwa kwenye boksi la cherehani yangu. Siku hizi kila kitu kinatoka kwao, ya nini kuuliza?

Jumatano, 5 Machi
Shemeji kauliza kwa upole kama nina hakika na zile nyota. Wivu huo! Nimeigongomea bendera mlangoni. Msumari mmoja umechomoza. Utangoja.

Alhamisi, 6 Machi
Msafara ulisimama. Kwangu! Balozi akashuka, akaitazama bendera, akacheka hadi akavua miwani. Mkalimani akaninong'oneza kuwa hiyo ni ya nchi wanayogombania nayo masoko dunia nzima. Nikajibu papo hapo kwamba nimeitundika makusudi, balozi asije akabweteka. Akacheka tena, akageuka. Msumari ukamnasa suruali. Chwaa! Mfukoni hadi gotini. Shemeji akavuka barabara mbio, akamwingiza dukani kwake. Balozi alipotoka, mshono hauonekani. Niliutafuta kwa nia mbaya, sikuuona.

Jumatatu, 10 Machi
Sare kapewa shemeji. Iliniuma. Nilishinda dukani nimefunga mlango, najisingizia homa. Jioni akabisha hodi mwenyewe: "Shemeji, kazi ni nyingi, siwezi peke yangu. Njoo tushone wote." Nikajifanya nafikiria. Nitashona mifuko. Mke wangu kaanza kunisemesha.

Jumanne, 11 Machi
Mifuko inachosha mtu mwenye upeo. Redio imetangaza kwamba taifa jingine kubwa linakuja kutujengea reli, na linatafuta wakalimani. Nimeshajiandikisha! Mke wangu kauliza hao watu wanazungumza lugha gani. Nimemwambia asinikatishe tamaa kwa mambo madogo. Nitaulizia kesho.