Mguu wa Kuombea Kura

Jumatatu, 4 Mei

Habari njema! Jumamosi kikundi chetu cha ushirika kinakwenda matembezi ziwani, na Jumapili baada ya ibada tunachagua kiongozi mpya wa matembezi. Nafasi hiyo ni yangu. Yangu kabisa! Kiongozi ndiye anayevaa filimbi shingoni. Akisema basi liondoke, linaondoka. Mimi fundi wa majokofu, miaka kumi na miwili kanisani, sijawahi kuongoza hata foleni ya chai.

Tatizo ni Ratiba. Ni mwalimu wa hesabu, tunamwita hivyo kwa sababu hata sala ya kufungua huipangia dakika. Mama mkwe wangu, mwanakikundi wa siku nyingi, humsifu mpaka jasho linanitoka. Leo tena, mbele ya mke wangu, kasema laiti kila nyumba ingekuwa na mwanamume kama yule. Nyumba hii tayari ina mwanamume! Nilikuwa nimekaa papo hapo, nakula. Mimi huniita "huyu". Huyu kaja, huyu kashiba. Nataka siku moja tu aseme "mkwe wangu" mbele za watu. Nikipata filimbi atasema, atake asitake.

Jumanne, 5 Mei

Nimepita kuomba kura. Dada mwenye saluni: atamchagua Ratiba. Seremala: Ratiba. Shangazi wa kwaya kaniuliza kama mimi ni mgeni kanisani na kama nimeshapewa kitabu cha nyimbo. Miaka kumi na miwili!

Narudi nyumbani kichwa chini, mara wazo! Kiongozi anayemaliza muda wake alichaguliwa mwaka aliovunjika mkono. Watu waliona bandeji, wakalia, wakampa kura zote. Huruma ni kura! Basi Jumamosi nitafika ziwani nikichechemea. Watasema, tazama, mgonjwa, lakini hakuuacha ushirika. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu leo zimesimama!

Jumatano, 6 Mei

Imefanyika. Saa nne asubuhi nimeanguka kwenye ngazi ya karakana. Ngazi yenyewe ina vidato viwili, lakini nilipiga kelele za vidato ishirini. Nikampigia simu katibu wa kikundi: nimeteguka kifundo cha mguu, wa kushoto, niombeeni.

Kufika mchana niko wa kwanza kwenye orodha ya wagonjwa! Nimempita hata babu wa watu aliyelazwa. Ratiba mwenyewe katuma ujumbe wa pole. Maskini, hajui lililo mbele yake.

Jioni mama mkwe kaja na maji ya moto na kitambaa. Kaniambia ninyooshe miguu, kaukanda mmoja, kaufunga vizuri, kaenda zake. Nadhani ameguswa. Mke wangu ameuliza tu kama nitakula nimelala au nimekaa.

Ijumaa, 8 Mei

Balaa! Nilisahau desturi yetu: kikundi hakimwachi mgonjwa nyuma, na mgonjwa hasafirishwi. Jana wamekaa kikao. Ratiba kasimama, kasema kama mgonjwa hawezi kwenda matembezini, matembezi yatamwendea mgonjwa. Wakapiga makofi. Ziwa limefutwa. Watu thelathini na saba wanakuja kwangu kesho!

Nyumba ina vyumba viwili na ua wa kuanikia nguo. Nilimwambia katibu nasikia nafuu, naweza kabisa kupanda basi. Machozi yakamlengalenga. Akasema moyo kama wangu ni adimu, na wanakuja.

Ratiba ameshaleta karatasi. Saa nne kamili, kumfariji mgonjwa, dakika kumi na tano. Saa tano, kuvuta kamba. Mke wangu amesema niliyataka mwenyewe, na kwamba aliyeumia mguu mikono yake ni mizima. Nimemenya viazi ndoo mbili, mguu uko juu ya kigoda.

Jumamosi, 9 Mei

Siku gani hii!

Walikuja wote. Walikaa kitandani, dirishani, juu ya majokofu ya wateja. Nimefarijiwa dakika kumi na tano, saa mkononi. Kisha wakanibeba na kiti mpaka uani nitazame kuvuta kamba. Upande mmoja Ratiba na walimu wenzake. Upande mwingine seremala, shangazi wa kwaya na watu wangu. Wangu walikuwa wanaburutwa! Shangazi kiatu kimemtoka! Ratiba anacheka! Damu ikanichemka. Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka kamba iko mikononi, miguu yote miwili imekita ardhini, na Ratiba analala kifudifudi kwenye maji ya kufulia. Tumeshinda! Nikaruka juu mara tatu.

Macho yote yakashuka miguuni kwangu. Ndipo nikakumbuka kwamba mimi ni mgonjwa.

Shangazi wa kwaya kapiga kigelegele. Amepona! Wakaanza kuimba. Mchungaji kanikumbatia, kasema kesho nitoe ushuhuda kanisani. Nikaona, mbona hii ni bora kuliko huruma? Nani atamnyima kura mtu wa muujiza?

Wageni walipoondoka mama mkwe alibaki, anafuta meza. Akaniuliza mguu uliopona ni upi. Nikasema wa kushoto. Akasema Jumatano alinifunga wa kulia, makusudi, na siku tatu nimechechemea nao bila kushtuka. Njia ya mwongo ni fupi, akasema. Kesho nikidai nimeponywa, naye atasimama aseme yake. Sina hamu ya chakula.

Jumapili, 10 Mei

Nilipanga kusema maneno ya juu juu tu. Nikapanda madhabahuni, nikafungua mdomo, nikamwona mama mkwe ameshasimama. Maji yakanifika shingoni. Nikatapika yote! Mguu haukuteguka. Nilitaka filimbi. Nimewanyima ziwa. Nisameheni.

Nikatamani ardhi ipasuke. Kisha shangazi wa kwaya akacheka, na kanisa zima likafuata. Mchungaji kafuta machozi, kasema hajasikia ushuhuda mnyoofu kama huu tangu aanze kazi. Makofi! Na mama mkwe, bado amesimama, kageukia watu kawaambia huyu ni mkwe wangu, ni mwongo, lakini leo kasema kweli.

MKWE WANGU! Mbele ya kanisa zima! Nilitaka kulia, nikalia.

Ratiba kapata kura thelathini na moja. Mimi saba, moja ni yangu mwenyewe. Mama mkwe alimchagua Ratiba. Nimemsamehe.

Jumatatu, 11 Mei

Nimeamka na furaha ya ajabu. Nimepiga hesabu. Nilipokuwa mwema sikuwa na kura hata moja. Nimekiri dhambi moja tu, nimepata kura sita za watu na mama mkwe juu. Mwezi ujao kuna uchaguzi wa mwenyekiti wa kwaya!

Kwa hiyo nahitaji dhambi. Isiwe kubwa, isiwe ya polisi. Shangazi wa kwaya alisahau sufuria yake hapa Jumamosi, ile kubwa anayoipenda. Nimeificha juu ya kabati. Ataitafuta wiki nzima, na Jumapili nitakiri kwa machozi.