Malalamiko Dhidi ya Muuguzi Asiyeridhika na "Nzuri"

Kwa Ndugu Mkurugenzi wa Hospitali,

Natumaini u mzima. Mimi pia ni mzima kabisa. Nimekaa masjala miaka ishirini na miwili bila kumlalamikia mtu, lakini sasa yamenifika shingoni. Namlalamikia muuguzi wa afya ya akili, yule ambaye wagonjwa wamembandika jina la Sista Kweli.

1. Muuguzi huyu hana adabu ya salamu. Sisi tuliolelewa tunajua: ukiulizwa habari unajibu nzuri, kila mtu anashika njia yake. Nyumba imeungua? Nzuri. Umefiwa? Nzuri, ila nimefiwa. Huyu ukishamjibu nzuri haondoki. Anakutazama, kisha anauliza, nzuri kweli? Jamani! Nani kampa ruhusa ya swali la pili?

2. Siku ile fundi cherehani alipopanda juu ya tangi la maji nyuma ya wodi ya wazazi akisema anajirusha, hospitali ilijipanga vizuri sana. Mlinzi wetu, Kifaru, alileta kamba. Mhasibu alileta simu ya kupigia picha. Mimi nilileta fomu ya ajali, nikaanza kuijaza mapema tusije tukachelewa, ikabaki kuandika saa tu. Akaja Sista Kweli. Akamwambia Kifaru aweke kamba chini, akatufukuza sote pale, akavua viatu, akakaa kwenye saruji, akamsalimu fundi. Na fundi, mtu mwenye malezi yake, akajibu kutoka huko huko juu: nzuri.

Ndugu Mkurugenzi, hapo suala lilikuwa limekwisha. Kasema nzuri! Mstaarabu angevaa viatu vyake akaenda kunywa chai. Yeye akauliza mara ya pili. Tena akamwuliza waziwazi kama anataka kufa, swali ambalo hata adui yako humwulizi. Kisha akawa anasikiliza tu. Kwa muda wa saa moja na nusu, mtumishi mzima amekaa chini hafanyi lolote! Fundi akalia, halafu akashuka kwa miguu yake mwenyewe. Fomu yangu ikaharibika.

3. Jambo hili linaambukiza. Fundi naye siku hizi anawauliza wateja wake mara mbili. Mpishi wa wagonjwa aliposalimiwa alijibu si nzuri, kweupe, mbele za watu. Kifaru, mwanamume wa kilo mia na ushee, alilia getini Jumanne, magari yakasubiri mpaka amalize. Tukienda hivi nani atabaki kufanya kazi?

4. Sasa nifike kwangu. Wiki iliyopita alikuja masjala kutafuta faili, akaona godoro langu nyuma ya kabati. Nalala hapo tangu nimzike mke wangu, miezi mitano sasa, kwa sababu nyumbani ni mbali. Ni dakika kumi kwa miguu, lakini kwa mtu aliyechoka ni mbali. Akanisalimu, nikajibu nzuri. Akauliza tena, nikajibu nzuri kwa sauti kubwa zaidi. Akasema mlango wake hufungwa saa kumi, akachukua faili lake, akaenda zake. Tangu hapo kila anayenisalimu naona ananichokoza.

Kwa hiyo naomba "nzuri" itambuliwe rasmi kuwa jibu la mwisho, lisilokatiwa rufaa. Naomba Kifaru arudishiwe kamba yake. Na naomba Sista Kweli ahamishiwe stoo ya mashuka, ambako hakuna wa kumhoji, na uhamisho huo uanze leo hii bila kukosa.

Wasalimie wote hapo ofisini, katibu wako, dereva, na mama watoto nyumbani. Wakiuliza habari zangu, waambie nzuri.

Wako mtiifu kazini,
Mkuu wa Masjala

Tanbihi: Barua hii nimeiandikia kwenye benchi nje ya chumba cha Sista Kweli. Ni saa nane mchana, na mbele yangu amebaki mtu mmoja tu. Tafadhali sana, Ndugu Mkurugenzi, uhamisho usianze leo. Nataka aniulize tena. Safari hii sitasema nzuri.