Nilivyokataa Mbege Mbele ya Babu wa Mchumba

Jamani, leo sina pa kuuweka uso.

Niko hapa mjini Moshi, kwenye intaneti kafe ya jirani na stendi, nimevaa suruali ya mjomba wangu iliyofungwa kwa kamba. (Yangu tutaifikia.) Nawaandikia wote wa bweni letu la zamani kwa mpigo mmoja, maana mkiisikia habari hii kwa watu wa Uru itakuwa imetiwa chumvi, na haihitaji chumvi hata kidogo.

Mnalijua tumbo langu. Shuleni mliniita Mlinzi, kwa sababu sikubanduka karibu na vyoo. Miaka yote hiyo nikaambiwa ni amiba. Kisha taifodi. Kisha minyoo. Jirani yetu kule Rau akasema kuna mtu ananiangalia kwa jicho baya, akamtaja na jina. Nimemeza vidonge vya kila rangi, damu inapungua, mashati yananipwaya, hadi mwaka huu nikampata daktari mmoja mwenye subira. Akanipima damu. Akaniingiza mpira wenye kamera mpaka ndani kabisa. (Tusiongelee.) Akasema, "Una ugonjwa wa seliaki. Acha ngano, maisha yako yote."

Ni hivi. Kwenye ngano, shayiri na rai kuna protini inaitwa gluteni. Ninyi mnaila na kusahau. Mimi ikiniingia, mwili wangu unaanza kupigana na utumbo wake wenyewe. Vile vinyweleo vya ndani vinavyonyonya chakula vinalala chini, nakula lakini mwili haushibi. Dawa yake hakuna, ni kuacha tu. Maandazi, chapati, mkate, tambi: kwaherini. Bia nayo kwaheri, maana inapikwa kwa kimea cha shayiri. Daktari akanipa karatasi ya maelezo. Nikasoma upande wa kwanza, wa vilivyokatazwa, machozi yakanilenga, nikaikunja nikaitia mfukoni.

Hapo ndipo akili yangu ilipojiongeza bila kuombwa. Bia ina kimea. Mbege nayo ina kimea, kile cha ulezi. Kwa hiyo mbege ni bia ya ndizi, na mimi na mbege basi! Sikumuuliza daktari. Sikumuuliza mtu yeyote. Mchaga mzima nimekaa miezi mitano bila kuonja mbege, huku najiona shujaa wa afya.

Sasa, leo ilikuwa siku ya kupeleka posa kwa kina Felista, kule Uru. Felista mnamfahamu kwa barua zangu, yule anayefundisha cherehani. Baba yake alifariki zamani, kwa hiyo mwenye neno la mwisho ni babu yake, Babu Aloisi. Huyu ni mzee ambaye wenzake waling'oa kahawa bei ilipoanguka, yeye akapanda mingine kwa hasira. Amekwisha kumfukuza mposaji mmoja kwa kosa la kuangalia saa wakati yeye anaongea. Felista aliniambia jana, "Gaudensi, akikataa, amekataa. Harudii." Na mimi nampenda Felista, jamani, nisidanganye. Sikulala vizuri.

Mshenga wangu alikuwa Mjomba Deo, kaka wa mama. Tukapakia mbege kwenye pikapu, pipa zima, aliyoipika mama kwa mikono yake. Nikapanga na Mjomba njiani: ikifika zamu yangu ya kunywa, yeye adake kata, aninywee. "Hilo niachie mimi," akasema. (Alikuwa ameshaanza kulishughulikia tangu Rau.)

Saa nne tukafika. Shikamoo zikamwagika. Babu Aloisi hakuwepo, alikuwa amepeleka maziwa, tukaambiwa tusubiri. Shangazi Prisca, dada wa marehemu baba yake Felista, akatuletea chai na beseni la vitumbua. Vitumbua vya moto! Harufu ya iliki! Nikakumbuka ugonjwa wangu, nikauliza kwa adabu.

"Shangazi, samahani, hivi ni vya mchele?"

"Vya mchele, mwanangu. Kula, umekonda mno."

Nikala. Miezi mitano ya viazi vya kuchemsha, mnategemea nini? Nilikula tisa. Shangazi alifurahi mpaka akanifungia vingine vitatu kwenye gazeti, nikavimalizia nyuma ya pikapu.

Babu Aloisi akarudi karibu saa sita. Kofia kichwani, fimbo mkononi, macho yanakupima hadi soksi. Tukakaa uani, wajomba wa Felista upande ule, sisi huku, kina mama wa pande zote mbili kwenye mikeka. Mjomba Deo akaongea vizuri ajabu. Akasema tumeona ua kwenye kihamba hiki cha migomba ya ukoo, tunaomba kulihamisha. Babu akatikisa kichwa kidogo. Nikamwona Felista dirishani anatabasamu. Mambo yalikuwa yananyooka!

Mbege ikachotwa. Mnaijua desturi: aliyeleta pombe anaonja kwanza, ili wenyeji waone haina kitu kibaya. Mjomba Deo akaidaka kata juujuu, akapiga mafunda matatu, akajifuta mdomo. Babu Aloisi akamtazama.

"Wewe umeonja. Umeonja tangu asubuhi, nakusikia harufu. Namtaka anayeoa."

Kata ikaletwa kwangu. Kata kubwa, inafoka povu. Nikaishika kwa mikono miwili, nikaitazama, nikamrudishia mjomba wa Felista.

"Samahani, Babu. Mimi situmii."

Yesu na Maria! Uani pale ungesikia kuku wakidonoa. Mjomba wa pili wa Felista akaiweka chini glasi aliyokuwa ameandaa. Mwingine akasogeza kiti nyuma. Babu Aloisi akaegemea fimbo.

"Mmeniletea pombe ambayo ninyi wenyewe mnaiogopa?"

"Hapana, Babu! Ni ugonjwa! Mwili wangu ukipata ngano unajipiga wenyewe kwa ndani."

"Unajipiga wenyewe."

"Ndiyo, Babu."

"Na mtu ambaye hapatani na tumbo lake, anataka nimpe mjukuu wangu apatane naye?"

Mtu akacheka kwenye mikeka. (Alikuwa mama yangu. Mama yangu mzazi!) Nikajaribu kueleza habari ya vinyweleo vya utumbo, mikono inapaa hewani. Babu akauliza kama ni ugonjwa wa kuambukiza. Nikasema hapana, ila huwa unafuata ukoo. Hilo la ukoo sijui nililisemea nini, maana wajomba walianza kuhesabu watoto ambao bado hawajazaliwa.

"Na Komunyo je?" Babu akauliza. "Hostia si ngano?"

"Ni ngano, Babu. Padri ananipa divai peke yake."

"Aa. Kwa hiyo kwa padri unakunywa, kwangu hunywi."

Nikaona Felista ametoweka dirishani. Ndipo nikakumbuka karatasi ya daktari! Nikaichomoa mfukoni kwa mbwembwe, nikaipunga juu. Nikasema kwa sauti, "Babu, kama huniamini mimi, mwamini daktari. Isomwe hapahapa, mbele ya watu wote!" (Hakuna aliyenishauri. Ni mimi, kwa mdomo wangu.)

Akapewa Shangazi Prisca, maana ndiye mwalimu. Anafundisha darasa la kwanza. Anasoma kwa kidole, polepole, na kwa sauti inayofika kijiji cha pili. Akasoma upande wa kwanza wote. Ngano. Shayiri. Rai. Bia. Mimi kila neno natikisa kichwa kama wakili aliyeshinda kesi. Akamaliza. Nikanyoosha mkono nichukue karatasi yangu.

Akaigeuza.

"Vinavyoruhusiwa," akasoma. "Mchele. Mahindi. Mtama. Viazi. Ndizi za aina zote." Akasogeza miwani. Akarudia kama anamsomea mtoto mzito. "U-le-zi."

"Soma tena," akasema Babu.

"Ulezi. Na pembeni daktari ameongeza kwa kalamu: mbege ya ndizi na ulezi, hamna neno."

Kwa kalamu! Daktari wa watu alijua atakutana na Mchaga, akajihangaisha kuandika, mimi sikugeuza hata karatasi! Mama yangu akajifunika kanga usoni. Mjomba Deo akatazama mlima. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Uru ina mizizi mingi ya migomba.

Nikafungua mdomo niombe radhi. Shangazi Prisca akawahi. Alikuwa amerudi upande wa kwanza, kidole kiko kwenye ngano, uso umebadilika.

"Mwanangu," akasema taratibu, "vile vitumbua... huwa nachanganya unga wa ngano vikombe viwili. Ili vishikane."

Kumi na viwili. Nilikula kumi na viwili.

Sijui kama ni ngano au ni kusikia neno ngano, lakini tumbo lilinguruma pale hadi mbwa akaamka. Likanguruma mara ya pili. Nikajua hili halina mjadala. Nikasimama, nikasema "Samahani, Babu," nikatimua mbio.

Sasa jiwekeni kwenye nafasi yao. Mposaji amekataa kunywa, ameumbuliwa na karatasi yake, ghafla anakimbia kuelekea bondeni. Mjomba mmoja akapiga kelele, "Anatoroka! Posa inatoroka!" Wajomba watatu wakanifuata, na mbwa. Choo chao kiko chini kabisa ya kihamba, nyuma ya zizi, na kabla ya zizi kuna mfereji. Niliuona mfereji. Nikauruka. Suti ya mtumba haikukusudiwa kuruka. Nikaangukia katikati, tope mpaka kiunoni, nikatoka, nikaendelea. (Ndiyo habari ya suruali. Ni TOPE. Naona mnavyofikiria.)

Nikaingia chooni, nikavuta mlango wa bati. Mlango wenyewe unaishia kifuani. Wajomba wakanizingira. Nikawasikia wanabishana kama wabomoe au wasubiri. Mimi humo ndani nilikuwa na shughuli zangu, na sauti, jamani, zilisikika. Mbwa akarudi nyuma.

Halafu nikasikia fimbo. Tok. Tok. Tok. Babu Aloisi ameshuka kihamba kizima, polepole, na nyuma yake umati wote: mama, Mjomba Deo, Shangazi, Felista. Nikainama ili kichwa kisionekane.

"Kijana," akasema Babu. "Uko humo?"

"Niko, Babu. Shikamoo."

"Marahaba. Nijibu jambo moja. Unamtaka mjukuu wangu au humtaki?"

Wenzangu, kila mtu ana picha yake ya siku ya kumwomba mke. Yangu ilikuwa na maua, na mimi nimesimama.

"Namtaka, Babu!" nikapiga kelele. "Namtaka sana! Nimekataa mbege kwa ujinga wangu, si kwa dharau! Naomba unisamehe! Nampenda Felista, na kama ungeniambia nile ngano kila siku ndipo unipe, ningekula!"

(Tumbo likaunga mkono hoja.)

Nje nikamsikia Felista anacheka na kulia kwa pamoja. Nikajua basi, yamekwisha, Babu harudii neno. Mara juu ya mlango ukatokea mkono wa mzee, umekakamaa, umeshika kata. Povu bado lipo.

"Basi kunywa."

"Hapa, Babu?"

"Wewe ndiye uliyechagua mahali."

Nikanyanyuka nusu, mkono mmoja umeshika suruali, mwingine umepokea kata. Nikanywa yote. Jamani, mbege ya mama yangu! Miezi mitano! Nikamrudishia kata tupu juu ya mlango, nikasema, "Aika, Meku," kama tunavyowashukuru wazee wetu. Vigelegele vikapigwa. Mjomba Deo akatangaza, "Amekunywa! Amekunywa!" kama vile walioko pale hawakuona. Babu Aloisi akawageukia wajomba.

"Mpeni," akasema. "Mtu akitamka neno akiwa humo ndani katika hali ile, hana nguvu za kudanganya."

Kwa hiyo nimekubaliwa. Felista alinipitishia maji ya ndoo na suruali ya Mjomba (Mjomba amerudi Rau amejifunga kanga ya mama, ya kwake hiyo atawasimulia mwenyewe). Shangazi Prisca ameapa kunipikia vitumbua vya mchele mtupu hata vikivunjika. Tumbo bado linalalamika, daktari nitamwona Jumatatu, na safari hii nitageuza karatasi.

Harusi ni baada ya Pasaka, mnaalikwa wote. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi na amalize, kwa sababu Babu Aloisi ndiye atakayetoa hotuba, na ameshaniambia ataanzia kwenye ule mlango wa bati.