Mheshimiwa Hapigiwi Simu

Watu walimwita Shemeji kwa sababu yeye mwenyewe aliita kila mtu shemeji, na nani atamfukuza shemeji mlangoni kabla hajajua ni wa dada yupi? Kwa neno hilo moja alikuwa amekula, amevaa na kulala bure kwa miaka ambayo wenzake waliitumia kusomea udaktari.

Mchana mmoja alikuwa amejibanza kwenye chumba cha uchapaji, akisubiri jua lipunguze ukali, alipomwona dada mchapaji akifanya jambo la ajabu. Shule ya jirani ilitaka kuwaita wazazi mkutanoni. Dada aliandika ujumbe mara moja tu kwenye kompyuta, akabonyeza, ukaenda kwenye simu za wazazi mia mbili kwa mkupuo. Mahali pa namba ya mtumaji, kila simu iliandika SHULE.

"Hapo pa jina," Shemeji aliuliza kwa upole wa mtu anayeulizia njia, "unaweka lolote?"

"Lolote, mradi lisizidi herufi kumi na moja."

Shemeji akahesabu vidoleni. MHESHIMIWA lilikuwa na kumi. Akaona amebakiwa na chenji.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la Fundi Mkuu, mwenye vyerehani sita, ambaye hakuwa ameshika sindano miaka kumi. Alishona sare za shule huku moyo wake ukiwa kwenye sare za askari. Zabuni hiyo aliiota hata akisinzia kitini. Shemeji aliijua ndoto hiyo, kama mtaa mzima ulivyoijua. Akamwomba dada amchapie ujumbe. Dada alisita siku mbili nzima. Lakini mdogo wake alikuwa anaolewa Jumamosi, na baba yao hakuwa na cha kuvaa zaidi ya koti lililopauka mabegani. Shemeji alipoapa kwamba suti moja kati ya mbili itakuwa ya mzee, dada akaandika vipimo vya baba yake kwenye karatasi, kisha akabonyeza.

Ujumbe wa MHESHIMIWA ulisema kijana wake anakuja kushonesha suti mbili, na kazi ikiridhisha, watazungumza habari za sare za askari. Fundi Mkuu aliusoma mara tatu, mara ya mwisho akiwa amesimama wima. Alijaribu kupiga, simu ikagoma, kwa kuwa jina tupu halina namba. Shemeji alipoingia na karatasi yake ya vipimo, akamwonea huruma.

"Mheshimiwa hapigiwi simu, mzee wangu. Hupiga yeye."

Mafundi wote sita wakaacha kazi nyingine.

Ijumaa, siku ya kuchukua suti, Shemeji alipita kwanza kwa dada kutunga ujumbe wa mwisho, wa shukrani na ahadi, uliotakiwa kuingia saa tisa kamili. Kompyuta ile ilikuwa inaambiwa saa, nayo inatuma yenyewe. Dada akichapa, Shemeji alipokea simu na, hatua mbili kutoka kiti cha dada, akamuuzia mtu mwingine suti ya mzee. Alipokata, alimweleza dada kwamba ya baba itachelewa kidogo. Dada akasema hakuna neno. Shemeji alipotoka, dada alifuta mistari yote akaanza upya.

Saa tisa ilimkuta Shemeji dukani kwa Fundi, mbele ya kioo, ndani ya suti yake mpya. Suruali yake kuukuu alikuwa ameagiza itupwe, na Fundi Mkuu, asiyetupa kitu, alikwisha kuikata matambara ya kufutia mafuta ya vyerehani. Simu ya Fundi ikalia: MHESHIMIWA. Fundi akasoma kwa sauti.

"Suti zote mkabidhi dada mchapaji, ataniletea. Kijana nimemleta ajifunze kazi kwako. Akizembea, zabuni sahau."

Shemeji alifungua mdomo. Kusema ujumbe ni wa uongo kungemlazimu aeleze amejuaje. Mdomo uliomlisha miaka yote hiyo ukaishia kusema, "Ndiyo, mzee."

Mara dada akaingia, akamwamkia Fundi shikamoo, akasubiri kwa adabu huku Shemeji akivuliwa koti, kisha suruali. Akazipanga suti zote mbili mkononi.

"Pole na kazi, shemeji," akasema, akaondoka kwenda kwa baba yake.

Shemeji akabaki nyuma ya meza akiwa na shati na chupi tu. Fundi Mkuu alimkabidhi sindano, akamwonyesha rundo la suruali zinazosubiri pindo, akaenda mbele kupokea wateja. Hapo moyo wa Shemeji ukapata uhai. Atavaa moja tu, na mlango wa uani uko wazi. Akainua ya kwanza, akaiweka. Akainua ya pili. Akachimbua rundo mpaka chini kabisa.

Zote zilikuwa za darasa la kwanza.