Jiwe la Kijani la Papa Ilunga

Leo nimeumbuka. Ulimi bado unawaka, na hapa Kabuta kila mtu anajua kwa nini. Bora na ninyi msikie kutoka kwangu.

Papa Ilunga alichimba shaba Katanga maisha yake yote. Alipostaafu alivuka ziwa hadi huku kwetu, akachimba tena: handaki nyuma ya nyumba, kwa sururu na ndoo tu. Ukutani amekata vishubaka, na kila kimoja kina fuwele aliyokuja nayo. Wanafunzi huja kuziona. Lakini halmashauri imesikia, na leo mkaguzi alikuja kuamua: libaki au lifukiwe. Yeye anaongea Kibemba, Papa Kiswahili. Mkalimani? Mimi. (Nilivaa hadi koti.)

Tukaingia na taa, tumeinama. Mzee alieleza kwamba mchimbaji hulamba jiwe: likilowa, rangi yake inatoka. Nikatafsiri. Kisha nikaona kutafsiri hakutoshi. (Kiherehere hakina dawa.) Kwenye kishubaka cha mwisho nikachukua kipande cha kijani, nikakilamba. Kwa utulivu. Kama mtaalamu.

Mdomo ukawaka moto! Nikafungua kinywa niseme, likatoka povu.

"Mwebantu, jamani!" akapiga kelele mkaguzi. "Humu mna gesi ya sumu!"

Tukatoka kwa magoti, yeye mbele. Nje akafungua daftari, akaandika. "Lifukiwe. Leo hii."

Papa Ilunga hakuhitaji mkalimani. Aliketi chini kwenye udongo. Na mimi, mtetezi wake, natoa mapovu!

Ndipo mkewe, Mama Feza, akatoka jikoni. Akaniangalia kinywani.

"Eh! Ni weye ulikula sabuni yangu?"

"Sabuni gani, Mama?"

"Ile nilianika mule mu shimo, mu kivuli! Huku inje jua inaipasua. Mutu muzima, na koti yake, unalamba sabuni!"

"Amesema nini?" akauliza mkaguzi.

Ikabidi nitafsiri. Mimi mwenyewe. Neno kwa neno, povu kwa povu.

Mkaguzi alicheka hadi akaketi kando ya Papa. Kisha akafuta alichoandika, akaingia tena handakini peke yake (hakulamba kitu), akatoka na uamuzi mpya: mzee aongeze nguzo mbili mlangoni, wageni waendelee kuja.

Papa alinikumbatia. "Mwanangu, ile siku ingine, uniulize kwanza."

Handaki limepona. Kilichofukiwa leo ni heshima yangu. Tafadhali, msiende kuifukua.