Cheti cha Kuahirisha

Kamati ya Mapokezi na Udhibiti wa Mawakili wa Kigeni, Mumbai, ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba milango ya nchi iko wazi. Mimi Madhukar Phansalkar, katibu wa kamati, ndiye niliyeandika tangazo hilo na kulibandika nyuma ya mlango.

Mgeni angeruhusiwa kushauri juu ya sheria za kwao tu. Mahakamani asikanyage, bango asitundike, na zaidi ya yote asituharibie wateja. Maana tuligundua mapema kwamba watu hawa wana tabia mbaya ya kujibu barua siku ileile. Mteja akishazoeshwa hivyo, wakili wake aliyemsubirisha miaka kumi na mitatu atamtazama kwa uso gani? Ndipo mwenyekiti wetu, wakili mkuu Dattatray Karmarkar, alipobuni Mtihani wa Kuahirisha. Usipofaulu hupati leseni.

Na nani mwingine angeubuni? Karmarkar-saheb alipokea kesi ya ukuta wa mpakani angali na nywele nyeusi. Leo bwana mkubwa wetu ana upara, na ukuta umeanguka wenyewe. "Kesi ikikaa, hujimaliza," husema.

Mwaka huo pia, kwa mara ya kwanza, alikuwa anapeleka London maembe ya shamba lake la Ratnagiri, masanduku mia nne. Alituonyesha picha za maembe hayo kwenye simu mpaka tukayajua moja moja.

Mtahiniwa wa kwanza alikuwa Bi. Rosalind Tuck, wa London. Ofisi yake ilikuwa imempa mwezi mmoja: apate leseni, au arudi kwao.

"Mteja anauliza kama mkataba wake uko tayari," alianza mwenyekiti. "Unamwambiaje?"

"Namwambia ndiyo, huu hapa."

Glasi yangu ya chai iliishia hewani.

"Mama wee! Dada, unataka kutuua?" alimaka Karmarkar-saheb. "Unampa mtu jibu mkononi, mchana kweupe?"

"Lakini ameniuliza."

"Kuuliza ni haki yake. Kujibiwa ni mchakato. Sifuri!"

Mara ya pili alijitahidi, maskini. Akasema, "Namwambia aje kesho."

"Kesho karibu mno. Atakuja kweli! Sikiliza, binti yangu. Usimkatalie mtu kamwe. Faili lipo, ila kabati limefungwa. Ufunguo upo, ila karani kaenda nao harusini kwa binamu. Binamu hawaishi. Halafu mpe chai, maana aliyekunywa chai yako hawezi kukutukana. Atalia, ataapa kwamba ni dharura. Usilegee. Wote husema hivyo."

Bi. Tuck aliandika kila neno. Mtihani wa mwisho tuliupanga Jumatatu, tukauahirisha mara nne ili aone mfano, ukaangukia Ijumaa saa tano, ofisini kwake.

Saa tano juu ya alama nilikuwa nimeketi pembeni na karatasi ya maksi. Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mwenyekiti aliingia anahema, kola ya mahakamani imemkaa shingoni upande.

"Maembe yangu yamezuiwa forodhani London! Wanataka barua ya wakili wa sheria zao, leo hii, la sivyo wanayateketeza! Dada, niandikie!"

Angeweza kupiga simu London kwenyewe, lakini Kanuni ya Tisa inamkataza wakili wa hapa kumwendea wakili wa nje asiyepita kwenye kamati. Kanuni hiyo aliitunga yeye. Na aliyefika hata mlangoni petu alikuwa Bi. Tuck peke yake.

Bi. Tuck alinitazama, akatazama saa ya ukutani, akatabasamu.

"Karibu uketi, mheshimiwa. Barua hiyo ni jambo dogo sana. Faili lipo."

"Lete basi!"

"Ila kabati limefungwa."

"Fungua!"

"Ufunguo anao karani. Kaenda harusini."

Niliandika: *kumi kwa kumi*.

"Huu si mtihani, mwanamke wewe! Ni dharura! Naapa kwa jina la mama yangu!"

"Wote husema hivyo, mheshimiwa," alisema kwa upole, akimmiminia chai.

"Phansalkar! Mwambie!"

Roho iliniuma, kwa kweli. Lakini katibu haruhusiwi kunena neno mtihani ukiendelea, na kanuni hiyo pia ni ya kwake. Nikamwonyesha kwa kidole, ukurasa wa sita wa kitabu cha kanuni.

Bi. Tuck alifungua kitabu cha miadi taratibu, akilowesha kidole kwa kila ukurasa. "Nina nafasi tarehe kumi na nne Julai."

"Julai! Maembe yale hayataiona hata Jumapili!"

"Basi usiwe na wasiwasi, mheshimiwa. Kesi ikikaa, hujimaliza."

Nilijumlisha maksi: mia kwa mia. Hatukuwahi kumpa mtu mia, hata mwenyeji. Cheti hakiwi halali bila saini ya mwenyekiti, nikakiweka mbele yake pamoja na kalamu. Midomo ilimcheza, na nikajua kuna tusi zito linakuja.

Lakini alitazama glasi ya chai mkononi mwake, akakuta ameshaimaliza. Akatia saini.