Wageni Mia Nne na Kumi na Wawili wa Bi Somoe

Jumanne, 8 Julai 2003

Daktari amesema moyo umechoka, nisipande ngazi wala hasira. Basi niandike kabla haujazima. Jambo nililolificha miaka miwili ni hili: ile nambari ya wageni chini ya ukurasa wa tovuti ya Bi Somoe, jirani yangu mwenye nyumba ya wageni hapa Mikindani, haijihesabu. Naiandika mimi. Kila wiki naongeza wanne, watano, kutegemea uso wake ulivyo akija kuitazama kwangu. Leo ni 412.

Nilipostaafu ualimu wa jiografia nilisomea kutengeneza tovuti, wiki moja, Dar es Salaam. Nikarudi na cheti. Hakuna aliyeniuliza nilipata ngapi.

Leo Bi Somoe kaja na habari. Mafundi wa barabara wanataka kupanga vyumba vyake vyote sita, mwaka mzima. Jibu wanalitaka Jumamosi. Nikampa hongera. Akasema hongera ya nini, atawakatalia! Watu 412 wamekwisha kupiga hodi kwenye kompyuta. Wakishuka na mizigo yao atawalaza wapi, jikoni?

Tangu Idi amelala mgeni mmoja. Naye alikosea nyumba.

Akiwakatalia mafundi atabaki na vyumba vitupu, na mkosaji ni mimi. Lazima nimwambie. Kesho.

Jumatano, 9 Julai

Sikumwambia. Nimepata njia bora! Nimeshusha nambari hadi 260. Akiona wageni wanapungua ataogopa, atawapokea mafundi. Safi kabisa.

Jioni. Si safi. Bi Somoe aliuliza mtu aliyekwisha kuja anawezaje tena kuwa hakuja. Nikasema ni mambo ya kitaalamu. Akapanda gari mpaka Mtwara mjini kumuuliza Rashidi mwenye duka la intaneti. Rashidi! Nilimfundisha kidato cha pili. Kwenye mtihani wa ramani aliupeleka mto Ruvuma Kenya. Leo ndiye bingwa, eti kwa sababu kurasa zake zina herufi zinazotembea. Kamjibu kwamba duniani kote kihesabu wageni hakirudi nyuma, labda Mwalimu Gaudensi amekikalia.

Nimerudisha 412. Kwa aibu nikaongeza watatu.

Kwa watakaonifuata katika kazi hii: kabla ya kubadili ukurasa, weka pembeni nakala ya zamani. Mimi niliweka. Ndilo jambo pekee nililofanya vizuri leo.

Alhamisi, 10 Julai

Ukurasa una kitabu cha wageni. Nimeandika humo kwa jina la Helmut wa Ujerumani: nyumba nzuri, mwenyeji mkarimu, lakini joto! Sitarudi. Nilidhani Bi Somoe atakata tamaa.

Ameuza mbuzi wawili, amenunua feni sita.

Kisha akakaa kando yangu, akaniagiza nimjibu Helmut kwamba safari ijayo aje na blanketi. Umeme ukakatika nikiwa katikati ya sentensi. Hifadhi kazi yako kila mara, hushauriwa hivyo. Sikuhifadhi. Nilimshukuru Mungu.

Ijumaa, 11 Julai

Kifua kibaya. Sikuinuka. Bi Somoe kaja na uji wa mchele, kasema wanawake wenzake wameniombea dua. Kesho asubuhi atamwambia msimamizi wa mafundi hapana, kwa adabu. Nikafungua mdomo niseme. Akatia kijiko.

Mara tatu nilifungua. Bakuli likaisha.

Jumamosi, 12 Julai

Nimesema.

Gari la msimamizi lilikuwa limeshasimama mlangoni kwake. Nikatoka na fimbo, nguo za kulalia, nikamwita Bi Somoe pembeni. Nikamwambia wale watu wote ni mimi. Akauliza, na Helmut? Na Helmut.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema kila Ijumaa, miaka miwili, amebadilisha mashuka ya vyumba sita. Alikuwa anamtandikia nani, Mwalimu?

Akaingia ndani, akampa msimamizi mkono. Hakunitazama.

Jumapili, 13 Julai

Misa nimeikosa. Bi Somoe hakuja. Ametuma mtu na uji, hauna sukari. Nimeunywa wote.

Mchana akafika Mzee Salumu, mwenye boti ya kuvusha watu mto Ruvuma pale Kilambo. Kasikia nyumba ya Bi Somoe imejaa mpaka chumba cha mwisho. Alimuuliza nani kawaleta watu. Bi Somoe, kwa kuogopa kuchekwa Mikindani nzima, kajibu: intaneti.

Sasa Mzee Salumu naye anataka ukurasa. Nikamwambia mimi mgonjwa, tena nimeshatubu. Akasema basi, ataenda kwa Rashidi, yule wa herufi zinazotembea.

Nimekubali. Nimeanza na wageni 40, kwa kuwa biashara ni changa.

Na kwa kuwa daftari hili ni la ukweli, niandike na lililobaki. Ukurasa wa Bi Somoe hauko kwenye mtandao. Haujawahi kuwako. Uko humu ndani ya kompyuta yangu, juu ya meza hii, na sijui unatolewaje. Kompyuta yenyewe haina hata waya wa simu.